Kijiko cha Mkono wa Papa

Mwaka wa mwisho pale taasisi, mwalimu wetu wa ubunifu alitupa kazi ambayo niliichukia tangu siku ya kwanza. Kila mwanafunzi atengeneze kitu kimoja kwa kutumia malighafi tatu tofauti, kitu hicho kisiwe pambo la mezani, na kiwe na mtumiaji halisi, yaani mtu mwenye mwili na shida, ambaye siku zake zitakuwa nyepesi kidogo kwa sababu yake. Alirudia maneno "mtumiaji halisi" mpaka yakawa jina tulilomwitia nyuma ya mgongo wake. Wenzangu hawakujisumbua. Mmoja alishona kiti cha nyuma cha toleka, zile baiskeli za kubeba watu, kwa sababu shangazi yake alilalamika kiuno kila akitoka Makiso, katikati ya mji. Mwingine alitengeneza rafu ya viatu akadai ni ya shemeji yake, na sote tulimjua shemeji huyo na ndala zake jozi moja. Mimi mtumiaji nilikuwa naye nyumbani, nikaona vibaya kumgeuza kazi ya shule.

Mtumiaji huyo alikuwa papa, baba yangu.

Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko, kama baba yake na ndugu zake wote. Kazi yao ilikuwa kusimamisha nguzo kati ya mawe, pale maji yanapokuja kwa hasira, na kuzifungia vikapu virefu kupita mtu ili samaki waingie na wasirudi. Mwaka mmoja kabla ya kazi ile ya shule, tension, yaani presha ya damu, ilimpanda asubuhi akiwa anakaza kamba ya kikapu. Alianguka kwa upande, na kama mdogo wake, tonton kama tunavyowaita ndugu za baba, asingekuwa karibu, maji yangemchukua. Hospitali ilimrudishia mguu kiasi cha kutembea na fimbo. Maneno yalirudi pia, mazito kidogo. Mkono wa kulia ndio haukurudi. Bega liliinuka, kiwiko kilikunja, lakini vidole vilijifunga ngumi na kukataa kufunguka.

Mwalimu aliponibana nikamweleza, alisema jambo ni rahisi, nimtengenezee kijiko kizuri cha mkono wa kushoto. Nilifikisha ujumbe nyumbani. Papa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema:

"Mukono ya kushoto iko na kazi yake, na kazi yake haiko ku sahani."

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Kwetu, upande wa papa, jambo hilo halichekeshi. Maji yakishuka na nguzo mpya zikisimamishwa, samaki wa kwanza hauzwi. Anapikwa pale pale juu ya mawe, na wanaume wa ukoo wanamla katika beseni moja, pamoja na lituma, zile ndizi zilizochemshwa na kupondwa. Hakuna sahani ya pembeni. Anayeingiza mkono wa kulia katika beseni ni mtu wa maji kwa mwaka huo. Asiyeweza kufika, sehemu yake inapelekwa nyumbani ndani ya sufuria, kama ya mjane. Baada ya papa kuugua, sufuria ililetwa kwetu. Mama aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kama inavyopaswa. Papa aligeukia ukuta, hakuonja hata mchuzi, na nyumba nzima ililala njaa kwa sababu nani angekula mbele ya mgongo ule.

Basi niliamua. Sufuria ile isirudi tena kwetu, na kama shule ingenipa alama kwa hilo, vizuri, ichukue alama zake.

Nilianza na udongo wa ukingoni mwa mto, ule mweupe ambao mama zetu hutumia kwa vyungu. Nilihitaji kujua ndani ya ngumi ile kuna nafasi gani. Nililoweka mkono wa papa katika maji ya moto kiasi, nikalegeza vidole kimoja kimoja kuanzia kile kidogo, nikasukuma tonge la udongo ndani na kuviacha vijifunge vyenyewe. Alikuwa akiangalia kando, kama mtu anayenyolewa. Nilipoutoa, udongo ulikuwa na umbo ambalo nisingeweza kulibuni kwa kalamu yoyote: limebanwa hapa, limevimba pale, na mistari ya ngozi yake juu. Nikaukausha juu ya rafu ya jikoni, nikauchoma katika makaa ya mama, ukapasuka. Wa pili ukakubali.

Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo darasani tuliliandika tu. Udongo ukikauka unapungua. Mpini wa kwanza niliouchonga kwa kipimo cha udongo mkavu ulitoka mwembamba na ulizunguka ndani ya ngumi. Ilibidi nijue udongo umepungua kiasi gani ndipo niuongezee mti kiasi hicho. Mti wenyewe ulikuwa lifaki, mabaki niliyookota kwa maseremala wa mtaa wa Mangobo, mzuri lakini mgumu, na tupa yangu ilikuwa imechoka. Nilijaribu ncha, ile sehemu ya kuchotea, ya alumini iliyoyeyushwa kutoka sufuria mbovu. Mchuzi ulipoipasha, ilimchoma papa mdomo, naye akaniuliza kama shuleni wananifundisha kupika watu. Nikarudi kwenye mti, ncha nayo nikaichonga pana na isiyo na kina, na kuipinda ielekee mdomoni kwa sababu kifundo cha mkono wake hakikugeuka.

Kwa kufunga nilichagua kekele, ile kamba ya msituni wanayosukia vikapu. Nilidhani naijua, mtoto wa mvuvi. Nikaipasua ikiwa kavu na ikavunjika mikononi mwangu. Papa alikuwa kwenye kiti chake barazani, akaona yote.

"Ku masomo yenu banafundishaka kutesa kamba?" akauliza. "Lalisha yeye kwanza ndani ya maji, mama. Kamba iko kama mutu, unamuamushaka polepole."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alipokuwa mzima aliniita hivyo mara chache, akitaka kitu. Tangu augue aliniita hivyo kila mara, na sikuwahi kuzoea.

Malighafi ya tatu ilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Niliukata utepe na kuuzungusha kwenye mpini ili jasho lisiutelezeshe. Kwa hiyo kilikuwa kijiko cha mti, kitanzi cha kekele kinachopita juu ya vidole, na utepe wa mpira unaoshika ngozi. Kilikuwa kibaya kwa sura. Rafu ya viatu ya mwenzangu ilikuwa nzuri kuliko hicho mara kumi.

Siku alipokula nacho mara ya kwanza, chakula kilikuwa lituma na pondu, yale majani ya muhogo. Mama alisimama karibu na mlango na kitambaa mkononi, tayari kufuta. Tonge la kwanza lilianguka kwenye shati. La pili lilifika. Papa alitafuna macho yamefumba, kisha akanyoosha tena mkono kwenye sahani, taratibu, bega likifanya kazi ambayo vidole vilikataa. Alipomaliza alimwambia mama pondu ilikosa chumvi, na mama, ambaye kwa kawaida hakubali kukosolewa jikoni, alicheka mpaka akakaa chini. Wiki zile zilikuwa nzuri. Alikula barazani mchana, watu wakipita, na ninajua aliacha kusudi pazia wazi.

Kisha ilifika siku ya kukabidhi. Vitu vyote vilitakiwa kuwekwa katika kabati la atelye, karakana ya shule, lililofungwa kwa kufuli, mpaka waamuzi wafike, na wawili kati yao walitoka Kinshasa. Nilimweleza papa kwamba ni siku chache tu. Alinipa kijiko mwenyewe, nimfungulie kitanzi.

"Bon," akasema, "mukono yangu inaenda ku université mbele yangu."

Ndege ya waamuzi iliahirishwa. Ikaahirishwa tena. Huku kwetu maji hayangoji ndege. Yalishuka, nguzo zilisimamishwa, na tonton akaja jioni moja kutuambia kwamba Jumamosi wanakula. Alimwambia mama, siyo papa. Alizungumza kwa sauti ya chini, na nilielewa kuwa anauliza ni sufuria ya ukubwa gani walete.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara kabla hajafika. Nilimweleza yote: mkono, beseni, Jumamosi. Hakuwa mtu mbaya. Alisikitika, akaniambia kwamba akinifungulia mimi, kesho kila mtu atakuja na baba mgonjwa, na kanuni ni kwa wote. Nilimwambia kwamba kanuni ilisema mtumiaji halisi, na mtumiaji halisi ana njaa. Akasema nisimpazie sauti. Nilimchukia siku ile, na kusema kweli bado namchukia kidogo, ingawa najua angeshikilia kanuni ileile hata kwa mtoto wake.

Sikukata tamaa, kwa sababu udongo nilikuwa nao. Ulikuwa pale juu ya rafu ya jikoni, na safari hii nilijua kila kitu: kiasi cha kuongeza, unene wa mpira, namna ya kulaza kekele. Nilipata kipande kingine cha lifaki na kuchonga kijiko cha pili kwa kipimo kilekile. Kilitoka kizuri kuliko cha kwanza. Nilikipeleka barazani kwa kiburi kidogo, nikaulegeza mkono wa papa kwa maji ya moto, nikasukuma mpini.

Haukuingia.

Papa akasema nimeufanya mnene. Nikakubali, nikafikiri ni mpira, nikautoa. Haukuingia. Nikauzungusha uzi kuupima, nikaulinganisha na udongo, hesabu zilikuwa sawa. Nikabaki nimeshika vitu viwili, na wazo likanijia ambalo sikulitaka. Nilichukua udongo wenyewe, ule mkavu, mdogo kuliko mpini wowote niliowahi kumtengenezea, nikajaribu kuurudisha ndani ya mkono ulioutoa.

Udongo nao haukuingia.

Tulikuwa tunamwona kila siku, ndiyo maana hatukuona ngumi ikizidi kukaza. Na kile kijiko cha kwanza kilitudanganya, maana mti ule ulikuwa ukisuguka kila siku ndani ya ngumi, na mpira ukibanwa, na kila mlo ukawa unawezekana bado. Daktari alitueleza mapema kwamba ngumi ikiendelea kukaza baada ya mwaka, na maneno yakianza tena kuteleza, basi ugonjwa bado unaendelea kichwani. Maneno yalikuwa yameanza kuteleza. Tulisema ni uchovu.

Papa alikuwa ananiangalia. Aliuangalia udongo, kisha akaniangalia tena.

"Mama," akasema. "Udongo haiongezekake?"

"Hapana, papa. Udongo inapungukaka tu."

Mama alikuwa ndani, tulisikia akipanga sahani. Papa alivuta pumzi na kunirudishia kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Bon," akasema. "Punguza mti. Na usiambie mama yako."

Nilipunguza mti. Niliketi nyuma ya nyumba na tupa iliyochoka na kupunguza, nikirudi barazani kujaribu, nikirudi tena nyuma. Kila mara niliporudi alikuwa ananingoja na mkono ndani ya beseni la maji ya moto, mtiifu kabisa, yeye ambaye maisha yake yote hakumtii mtu. Mpini ulipoingia hatimaye, ulikuwa umekonda mpaka nikaogopa utavunjika. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, lifaki ishike mpaka Jumamosi.

Ilishika. Tonton wawili walimbeba kupita kwenye mawe, kwa sababu fimbo ilikuwa inateleza, na wakamweka kwenye nafasi yake. Sisi wanawake tulikuwa upande wa vyungu, si mbali. Beseni liliwekwa katikati. Mikono iliingia, na wa papa ukaingia pia, kile kijiko kilichokonda kikitoka ngumini kama kidole cha sita. Hakuna aliyekitazama. Wanaume wale wanajua kula. Samaki mzima humalizika kabla hujasema amina. Siku ile walikula polepole hata nikaona aibu kuwaangalia. Tonton mkubwa alinyonya mfupa mmoja muda wote. Mwingine alikata tonge dogo la lituma kama mchumba aliyealikwa ukweni. Desturi inasema hainuki mtu mpaka mkono wa mwisho utoke kwenye beseni, na mkono wa mwisho ulikuwa wa papa, naye hakuwa na haraka. Mchuzi ulipoa. Waliendelea kukaa.

Mama alishika mkono wangu na kunong'ona, ona, amepona. Nilitikisa kichwa kukubali. Nililia, wala sikusingizia moshi, na kila aliyeniona alidhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia. Lakini mimi nilikuwa nimeshika mpini ule, nilijua umekonda kiasi gani, na kati ya watu wote waliokuwa kwenye mawe, tuliojua tulikuwa wawili.

Baada ya hapo niliendelea kupunguza. Wiki hii kidogo, wiki ijayo kidogo. Mwanzoni tulifanya kama mchezo. Aliniambia nikiendelea hivyo atakula kwa kijiti cha meno. Baadaye tuliacha kutania. Mama alijua, bila shaka, mke haambiwi mambo ya mwili wa mumewe. Ilifika siku ambayo hata kipande cha kekele chenyewe, bila mti, hakikupita kati ya vidole. Tangu siku hiyo mama alimlisha chumbani, pazia likiwa limefungwa.

Waamuzi walifika mwishowe. Waligeuza kijiko changu cha kwanza, wakakipitisha mkono kwa mkono, wakauliza kwa nini kekele na siyo ngozi, kwa nini mpini una umbo la ajabu. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, aliuliza kama mtumiaji ameridhika. Nilisema amekula na ndugu zake. Walinipa alama kubwa kuliko wote darasani na kupiga makofi.

Nilirudi nacho nyumbani ndani ya mfuko na kukificha chini ya nguo zangu. Kilikuwa kinene mno, cha mkono wa mtu mwingine sasa. Papa aliniuliza, kwa yale maneno machache yaliyobaki, kama mkono wake umerudi kutoka masomoni. Nilisema bado.

"Iache isome muzuri," akasema.

Alifariki msimu wa mvua, alfajiri, mama akiwa pembeni yake. Wanaume wa ukoo walikuja kumwosha, kama ilivyo kwetu, na mimi nilikaa nje na wanawake. Niliwasikia wakimwaga maji. Kisha tonton mdogo, yule aliyemtoa majini, alitokeza mlangoni, macho mekundu, akaniita kwa kidole.

"Kuya weye," akaniambia. "Tumeosha yote. Ile mukono tunaogopa kuvunja. Ni weye uliizoea."

Niliingia. Walikuwa wamemfunika vizuri, umebaki nje mkono wa kulia tu, ngumi imelala juu ya shuka. Nilipiga magoti, nikaomba maji yawe ya moto, ingawa nilijua haikuwa lazima tena. Nikaushika kwa nguvu zilezile nilizozoea kutumia, nguvu za kubishana nao.

Haukubisha. Vidole vyote vilifunguka kwa pamoja, laini, kama havikuwahi kukataa kitu, na kiganja kikalala wazi juu ya mkono wangu. Tangu augue nilikuwa sijakiona kizima. Nilikuwa nimekipima, nimekichongea, nimekipunguzia mti mpaka ukaisha, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba papa alikuwa na mkono mdogo. Ulikuwa mkono mkubwa. Ulikuwa mkubwa sana, na nikauosha.